Kutu ya jukwaani: Jinsi ya kukizeesha chuma kisicho chuma

MARA nyingi hadhira huanza kucheka pale pale ambapo mtunzi wa mchezo aliitaka ilie. Shujaa anaburuta minyororo jukwaani, huku minyororo yenyewe ikimetameta mithili ya sufuria mpya dukani. Mfungwa aliyeteseka gerezani siku nyingi alizipata wapi pingu zinazong'aa namna hiyo?

Ukweli ni kwamba minyororo hiyo si chuma hata kidogo. Aghalabu ni ndara kuukuu, kadibodi na vipande vya paipu ya plastiki vilivyopakwa rangi ya fedha. Wapo walimu na wazazi wanaodhani dawa ni kununua vifaa vya bei ghali. La hasha! Dawa ni kuelewa jinsi chuma halisi kinavyozeeka, kisha kuziiga dalili zake kwa mpangilio.

Tuchukue mfano wa kisa cha Fumo Liyongo, kinachofahamika na wengi waliosoma Kiswahili shuleni. Kina vifaa vitatu vya kutengenezwa: minyororo aliyofungwa nayo gerezani, tupa iliyofichwa ndani ya mkate alioletewa na kijakazi Saada, na sindano ya shaba ambayo mwanawe alimdunga nayo kitovuni.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Vifaa vyote vitatu hupakwa kutu ile ile, ilhali shaba haishiki kutu. Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na hewa ya oksijeni na maji, na chumvi huiharakisha. Ndiyo maana mabati na misumari huliwa upesi katika miji ya pwani. Shaba, kwa upande wake, hufifia ikawa hudhurungi, na baada ya muda mrefu huvaa utando wa kijani. Sanamu ya Uhuru jijini New York ilipozinduliwa mwaka wa 1886 ilikuwa na rangi ya shaba. Kijani kinachoonekana leo ni kazi ya hewa na unyevu.

Kazi ianze kabla ya rangi. Ndara ikishakatwa pete za mnyororo, itobolewe na kukwaruzwa kwa kisu hapa na pale, kwa kuwa chuma cha zamani hakikosi makovu. Kisha ipakwe gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili au tatu, na kila mkono uachwe ukauke. Gundi hiyo huziba vinyweleo vya ndara ili rangi isinyonywe.

Baada ya hapo, pete zote zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi ya fedha huja juu yake, tena kwa brashi iliyo karibu kukauka, ikipitishwa kwenye miinuko pekee. Asiye na rangi ya fedha anaweza kusaga risasi ya penseli na kuusugua unga wake kwa kitambaa. Mashimo yatabaki meusi, na jicho la mtazamaji litaona uzito.

Kisha kutu. Tia rangi ya hudhurungi penye maungio na kwenye vishimo, maana huko ndiko maji hutuama. Nyunyizia udongo mwekundu uliochekechwa juu ya gundi mbichi ili kutu ionekane imevimba, halafu gusagusa kwa sifongo chenye rangi ya chungwa kidogo. Usipake kila mahali. Pete zinaposuguana na pingu inapogusa kifundo cha mguu, chuma hubaki king'avu. Aidha, mahali Liyongo alipokereza kwa tupa panahitaji mstari mpya mweupe wa fedha. Mstari huo mdogo humweleza mtazamaji kwamba mfungwa yu karibu kutoroka, kabla mwigizaji hajatamka neno.

Sindano ipakwe rangi ya shaba, kisha hudhurungi nyepesi ipanguswe kwa kitambaa. Kijani kilichochanganywa na samawati kitiwe penye mikunjo tu. Ncha iachwe iking'aa, kwani silaha iliyoandaliwa kwa mauaji hunolewa. Iwe ya kadibodi au ndara, na butu kabisa.

Mwisho, vifaa vipakwe vanishi isiyong'aa. Vanishi ya kawaida ya samani itarudisha mng'ao wote uliotolewa jasho kuuondoa.

Ipo tahadhari ambayo haifai kupuuzwa. Baadhi ya watu hupenda kutia kutu ya kweli kwenye kipande cha chuma kwa siki na chumvi. Njia hiyo hufaa, bora ifanyiwe nje penye upepo. Lakini katu siki isichanganywe na dawa ya maji ya kung'arishia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Vivyo hivyo, mabati yasichomwe moto ili kuondoa zinki yake, kwani moshi wake huleta homa na kifua kubana.

Wala pasitumiwe panga au msumari wenye kutu halisi kwa kisingizio cha uhalisia. Pepopunda husababishwa na bakteria wanaoishi udongoni, wala si kutu yenyewe, lakini kidonda kirefu kilichoingia uchafu ndicho kiingilio chao. Hakuna kombe la tamasha linalostahili kidonda cha mwanafunzi.

Kabla ya siku ya mashindano, mwalimu aketi kiti cha nyuma kabisa ukumbini, taa za jukwaa ziwashwe, naye mwigizaji atembee na minyororo yake. Kutu isipoonekana kutoka huko, iongezwe. Ikionekana kama matope, ipanguswe. Siku ya onyesho, hadhira itamtazama Liyongo, wala haitakumbuka ndara.