Kuosha Machicha ya Kimea: Hesabu ya Maji na Sukari

Mpishi wa pwani akunapo nazi haridhiki na tui la kwanza. Akiisha kukamua kasimele, humimina maji mengine juu ya machicha, akayavuruga na kuyakamua tena, kwani ajua kwamba utamu haujaisha. Kanuni hiyo hiyo hutumiwa na watu watengenezao bia nyumbani kwao, hasa katika Uingereza, ambako sharti la leseni liliondolewa mwaka 1963, na Marekani, ambako sheria ya shirikisho iliyotiwa sahihi mwaka 1978 iliwaruhusu.

Punje ya shayiri imejaa wanga, nayo hamira haiwezi kuula wanga. Shayiri ikiroweshwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa, huwa kimea chenye vimeng'enya. Kimea hicho huparazwa, kikachanganywa na maji moto na kuachwa kwa muda wa saa moja hivi katika joto la nyuzi 65 hadi 68 za sentigredi. Hapo vimeng'enya huukata wanga ukawa sukari. Aliyepata kutengeneza togwa ameiona kazi hiyo: kimea kidogo huufanya uji mzito uwe mwepesi na mtamu. Joto likizidi mno, vimeng'enya huharibika kabla ya kuimaliza.

Bomba la chombo likifunguliwa, maji matamu hutoka, lakini si yote. Kila kilo ya kimea hushika takriban lita moja, na lita hiyo ina utamu ule ule wa maji yaliyotoka. Viwandani machicha hunyunyiziwa maji moto polepole kutoka juu, huku maji matamu yakitiririka chini. Ni njia njema mikononi mwa fundi. Lakini maji hutafuta mapito rahisi. Yakipata ufa hupita hapo hapo, na upande wa pili ukabaki haukuoshwa. Kwa hiyo anayeanza hushauriwa kuosha kwa mafungu: hutoa maji matamu yote yanayoweza kutoka, humimina fungu zima la maji moto, huvuruga barabara, hungoja dakika chache, kisha hufungua bomba tena. Vibakuli vya kwanza, vilivyo na chengachenga, hurudishwa juu mpaka maji yatoke safi.

Wako waliodhani kwamba njia hii rahisi hupoteza sukari nyingi. Hesabu yaonyesha vinginevyo. Tuchukue kilo 5 za kimea, na tukadirie kwamba wanga wote umekwisha kuwa sukari. Ikiwa lita 25 za maji zitatiwa mara moja, zitatoka lita 20, yaani asilimia 80 ya sukari. Sasa zitiwe lita 15 kwanza: zitatoka lita 10, na theluthi moja ya sukari itabaki katika lita 5 zilizoshikwa. Ziongezwe lita 10, zivurugwe. Zikitoka lita 10 katika 15, kitakachobaki ni theluthi ya theluthi, yaani sehemu moja ya tisa. Asilimia 89 imepatikana kwa maji yale yale lita 25! Fungu la pili likigawanywa kuwa mawili ya lita 5, kila moja hupunguza sukari iliyobaki kwa nusu. Mwishowe hubaki sehemu moja ya kumi na mbili, nayo mavuno huwa asilimia 92. Faida ya mgawanyo wa kwanza ni kubwa, ya pili ni haba, na ndiyo sababu wengi huosha mara moja tu.

Wanafunzi waweza kuijaribu hesabu hii kwa sifongo na maji yaliyotiwa wino, wakilinganisha rangi ya kila mkamuo.

Maji ya kuoshea huwa na joto la nyuzi 75 hivi, ili utamu ulegee na kutiririka. Yakiwa ya moto zaidi, hasa yakiwa na magadi, huyeyusha tanini za maganda, na bia ikawa na ukakasi. Kimea kilichosagwa laini kama unga nacho huziba bomba. Wala haifai kuosha bila kikomo: maji ya mwisho huwa karibu matupu, na kila lita iliyoongezwa hudai moto wa kuichemsha.