Kabla Mvua Haijagonga Bati: Kazi 7 za Bustani ya Nyumbani kwa Mfanyabiashara wa Tabora



Septemba na Oktoba kwetu ni miezi ya vumbi. Majani yamekauka, maembe bado mabichi, fungu la mchicha sokoni limekonda na bei imepanda. Wengi wanaitazama bustani ya nyuma ya nyumba wanasema, "Tusubiri mvua." Hapo ndipo hela inapopotea.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua za Tabora ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mchicha unavunwa siku 21 hadi 30 baada ya kusia. Mvua ikianza katikati ya Novemba, mtaa mzima unamwaga mbegu wiki ileile, na katikati ya Desemba mtaa mzima una mchicha. Utamuuzia nani?

Chukua mfano wa tuta la mita 1 kwa 5 linalokupa mafungu 30. Ukiuza fungu Sh 300 unapata Sh 9,000. Bei ikidondoka hadi Sh 100 unapata Sh 3,000. Tuta ni lilelile, mbegu ni ileile, jasho ni lilelile. Kilichobadilika ni wiki uliyofika sokoni. Weka bei za soko lako, utaona mwenyewe.

Jambo hili si geni hapa. Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe, na kila mpagazi alihitaji kula. Wanyamwezi wengi walibeba mizigo kiangazi, kisha wakarudi kulima mvua zikikaribia. Aliyeuza vizuri ni yule aliyekuwa na chakula mkononi msafara ulipoingia. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 wateja wakabadilika, kanuni ikabaki. Leo msafara wako ni mama lishe, stendi, shule za bweni na jirani anayerudi kazini jioni.

Sasa tushike jembe.

1. Andaa mboji na samadi mapema

Mboji inahitaji miezi 2 hadi 3 kuiva, kwa hiyo wa kuanza mwishoni mwa Agosti ndiye anayeikuta tayari Novemba. Panga tabaka za majani makavu, mabaki ya jikoni na samadi. Nyunyiza maji, funika, geuza kila baada ya wiki 3.

Umechelewa? Tafuta samadi ya zamani kwa wafugaji. Samadi iliyoiva haina harufu kali, haina joto na inasagika mkononi. Ile mbichi, hasa ya kuku, inaunguza miche. Ya ng'ombe isiyoiva pia inakuletea magugu. Udongo wetu sehemu nyingi ni wa kichanga na haushiki maji. Bila samadi, kila ndoo unayomwaga inapotea chini.

2. Jua tuta la kiangazi na tuta la mvua

Kiangazi, tuta liwe bonde, yaani limeshuka kidogo kuliko njia, ili maji yatulie kwenye mizizi. Mvua zikikolea, ligeuze liwe la kuinuka, maji yapite pembeni. Watu wengi huacha tuta bonde hadi Januari, mboga zinaoza, halafu wanasema mbegu ilikuwa mbovu.

Funika udongo kwa nyasi kavu kupunguza jua, ila ziache mbali kidogo na shina. Mchwa wa kwetu mnawajua.

3. Jaribu mbegu kabla ya kuinunua kwa wingi

Chukua mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi, weka kivulini na kitambaa kisikauke. Subiri siku 5 hadi 7. Pilipili na nyanya chungu zipe hadi wiki 2. Zikiota 14 au zaidi, endelea. Zikiota chini ya 10, usiweke mtaji wako hapo. Jaribio hili ni la bure na linakuokoa kukodolea macho tuta tupu Novemba.

4. Weka kitalu mwanzoni mwa Oktoba

Nyanya hukaa kitaluni wiki 3 hadi 4, nyanya chungu na pilipili wiki 5 hivi. Ukisia mwanzoni mwa Oktoba, mvua zikitulia unahamisha miche yenye nguvu. Weka kichanja cha nyasi juu, mwagilia asubuhi na jioni, na wiki ya mwisho punguza kivuli na maji ili miche ikomae.

Sia zaidi ya mahitaji yako. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu anatafuta miche. Miche ya ziada ni biashara ya kwanza ya msimu, kabla hujavuna jani hata moja.

Tahadhari kwa mkoa wetu wa tumbaku: nyanya, pilipili, biringanya na tumbaku ni ukoo mmoja na huambukizana magonjwa. Usipande nyanya palipokuwa na tumbaku msimu uliopita. Ukitoka kushika tumbaku, au umevuta sigara, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

5. Chimba mashimo sasa, panda baadaye

Kama una nafasi ya mipapai miwili mitatu, chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Changanya wa juu na debe moja la samadi, rudisha shimoni, acha hadi mvua.

Mwembe wenye matunda usiukate matawi sasa, subiri umalize kuvuna. Kazi ya sasa ni kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia chini sana, maana humo ndimo nzi wa matunda wanazaliana.

6. Hesabu maji yako kwa ndoo

Tuta la mita 1 kwa 5 linahitaji takriban lita 25 kwa siku wakati wa jua kali, yaani ndoo moja na robo. Kama unanunua maji, piga bei ya ndoo mara siku 25 kabla hujapanda. Ikizidi unachotegemea kuuza, punguza matuta. Maji ya kuoshea mboga na mchele yamwage bustanini, ya sabuni nyingi hapana.

Kisha safisha bati na mifereji. Bati la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 960. Hata ukipoteza robo, unabaki na ndoo 36. Mvua za mwanzo huja na kuondoka, na ndoo hizo ndizo zitakazookoa miche ikikauka wiki nzima katikati.

7. Panda kwa zamu

Hapa ndipo penye faida. Usisie matuta yote siku moja. Kama una matuta 4, sia moja kila wiki kuanzia wiki ya pili ya Oktoba. Mpango wako utakuwa hivi:

- Novemba: mchicha wa kwanza na miche ya kuuza, wakati wengine ndiyo wanasia.
- Desemba: mchicha umejaa sokoni, wewe hamia bamia.
- Januari na kuendelea: nyanya chungu, halafu nyanya. Shule zimefunguliwa, mvua ni nyingi, na nyanya huwa haba kwa sababu ya ukungu. Simika miti, ondoa majani yanayogusa udongo, acha nafasi hewa ipite.

Na usidanganyike na mvua ya kwanza. Fuatilia utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, subiri udongo ulowe vizuri, kisha hamisha miche jioni. Wa Kigoma, mvua zenu hutangulia, kwa hiyo rudisha kalenda hii nyuma kama wiki 3 au 4.

Huna mtaji mkubwa? Anza na tuta moja la mchicha na kitalu cha mita moja. Andika kwenye daftari: mbegu, samadi, ndoo za maji, mauzo. Desemba daftari litakuambia kama uongeze tuta la pili au ubaki hapo.

Mvua ni ya wote, ila maandalizi ni ya mtu na mtu. Mtumie ujumbe huu mwenzako wa genge kabla Oktoba haijaisha.