Samaki wa ndani ya konokono: namna ya kumjua na kumlea samaki mdogo wa Tanganyika

Ku masoko ya Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, kila mama anajua kutenganisha ndakala na mukeke, na hakuna atakayeuza sangala kwa bei ya ndakala. Lakini ndani ya ziwa hilo hilo kuna samaki yenye hakuna mama atamuweka ku meza: urefu wake ni sawa kidole, nyama hana, na nyumba yake ni ganda la konokono aliyekufa. Wavuvi wanamkuta ndani ya nyavu na wanamtupa. Huko Ujerumani, Marekani ao Japani, samaki huyo huyo anauzwa akiwa mzima, mmoja mmoja, kwa watu wenye kumuweka sebuleni ndani ya sanduku la vioo, lenye kuitwa akwariumu, na kumuangalia kila jioni sawa vile wengine wanaangalia televisheni.

Juu ya nini watu wa mbali wanatafuta samaki wa kwetu? Jibu liko ndani ya ziwa lenyewe. Tanganyika ina urefu wa kilometa karibu 670, inashuka mpaka metre 1.470, na ni moja ya maziwa ya zamani sana duniani, ina miaka mamilioni. Muda huo wote samaki wamegawanyika na kubadilika. Kuna aina zaidi ya 200 za jamaa moja tu, jamaa ya siklidi, na karibu zote haziko fasi nyingine yoyote. Si Kivu, si Victoria, si mto Kongo.

Tena, aina moja inaweza kubadilika rangi kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Tropheus, samaki wa mawe mwenye kula majani laini ya juu ya mawe, haogelei kuvuka mchanga mrefu ao kina kirefu, anaogopa kuliwa. Basi wa mawe haya na wa mawe yale wanakaa miaka maelfu bila kuoana. Matokeo: yule wa Bemba, kusini ya Uvira, ana mkanda wa machungwa, na yule wa Kiriza, ku rasi ya Ubwari katika teritware ya Fizi, ana mkanda wa manjano. Wauzaji wa Ulaya wanaandika majina hayo ya vijiji ku vioo, Bemba, Kiriza, Moba, Kapampa, na mteja mwenye hajawahi kufika Kongo anajua tofauti zake kuliko mkaaji wa Bukavu. Kuna hata samaki mkubwa wa bluu mwenye nundu ku kichwa, Cyphotilapia, bado wanamuita «wa Zaire». Inchi ilibadili jina tangu 1997, yeye hapana.

Habari hii haikuanza jana. Mwingereza J. E. S. Moore alikusanya samaki hapa katika miaka ya 1890, na jina la Tropheus moorii limetoka kwake. Miaka ya 1946 na 1947, Mbelgiji Max Poll alikuwa ndani ya safari ya wataalamu waliozunguka ziwa. Lakini biashara yenyewe ilipanda na Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, aliyeanza kusafirisha samaki wazima kutoka Bujumbura mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Turudi kwa yule wa konokono. Nyumba yake ni ganda la Neothauma, konokono mkubwa wa Tanganyika, sentimita karibu 5. Akikufa, ganda lake halivunjiki haraka, kwa sababu maji ya ziwa yana madini mengi ya kulilinda. Hivyo maganda yanarundikana ku mchanga, fasi zingine yanafunika chini ya ziwa kwa kilometa. Wachunguzi walipima umri wa maganda hayo na kukuta mengine yamepita miaka elfu moja. Ganda moja linaweza kuwa limelea vizazi na vizazi vya samaki.

Aina ni mingi, lakini nne zinatosha kwa kuanza. Multifasciatus ni mdogo kuliko wote: dume anafika sentimita 4 na kitu, jike hata 4 hafiki. Mwili mzima una mistari myembamba ya kusimama, ya kahawia na nyeupe. Anapatikana zaidi upande wa kusini wa ziwa, na anaishi kwa ukoo: baba, mama kadhaa, watoto wakubwa na wadogo, kila mutu na ganda lake, wote wanachimba mchanga kwa mdomo mpaka maganda yaonekane.

Ocellatus yeye anafanya kinyume. Anazika ganda lake ndani ya mchanga mpaka mlango tu unabaki wazi. Utamtambua kwa alama nyeusi yenye duara la dhahabu juu ya kifuniko cha shavu, sawa jicho la pili. Ni mkali. Mutu akiingiza mkono ndani ya sanduku, samaki huyo wa sentimita 5 anakuja kuuma kidole.

Brevis ana mistari hafifu na rangi ya bluu chini ya jicho, na mke na mume wanatumia ganda moja: jike anaingia kwanza, dume anafuata na kubaki karibu na mlango.

Wa nne ndiye mwizi wa ziwa. Callipterus dume anafika sentimita 12 na zaidi, jike wake nusu ya hapo ao chini. Ndani ya wanyama wote wenye kujulikana, ni vigumu kupata wengine ambao dume anamzidi jike uzito namna hiyo, zaidi ya mara kumi. Dume haingii ndani ya ganda, ni mnene mno. Kazi yake ni kubeba maganda kwa mdomo na kuyarundika uwanjani mwake ili majike waje kutaga. Akikosa ya bure, anaiba ya jirani, hata kama jike wa jirani yuko ndani! Na bado anaibiwa yeye mwenyewe: kuna vidume vidogo sana vya aina hiyo hiyo, vyenye kuzaliwa vidogo na kubaki vidogo, vinapenya ndani ya ganda, vinampita jike aliye kazini, na kuzalisha mayai kwa siri huku mwenye nyumba anachunga inje.

Sasa kumlea. Kijana wa Uvira ao Kalemie ana bahati ambayo mutu wa Berlin hana: maji yenyewe yako mlangoni. Mto Ruzizi unaleta madini kutoka ziwa Kivu, mto wa kutoka ni mmoja tu, Lukuga ya Kalemie, na maji mengi yanaondoka kwa mvuke huku madini yanabaki. Ndiyo maana maji ya Tanganyika ni makali, pH yake inakaribia 9, na mutu wa Ulaya analazimika kununua chumvi za dukani ili kuyaiga. Hapa inatosha kuchota mbali na fasi watu wanafulia na mbali na mdomo wa mto. Maji ya mvua hayafai, yana pH ya chini na hayana madini. Maji ya robine yanaweza kuwa na klore, hiyo inaua. Yaachwe wazi siku moja kabla ya kutumiwa, na madini yaongezwe.

Kwa ukoo wa multifasciatus, sanduku la litre 60 linatosha. Chini uwekwe mchanga laini wa kina cha sentimita 5 hivi, umeoshwa vizuri, na maganda mengi kuliko samaki, kama ni samaki 6 basi maganda 15 ao zaidi. Ganda likikosekana, vita inaanza. Joto liwe kati ya digri 24 na 27. Kando ya Tanganyika chumba chenye kivuli kinalipata bila mashine. Bukavu ni baridi, kule inahitaji chombo cha kupasha moto maji, maana yake umeme, na kila mutu anajua hali ya umeme.

Kosa lenye kuua samaki wengi zaidi ni haraka. Mkojo na mavi ya samaki vinatoa amonia, ambayo ni sumu, na ndani ya maji makali sawa haya sumu hiyo inaongezeka nguvu. Ndani ya ziwa kuna bakteria wa kuigeuza. Ndani ya sanduku jipya hawapo, wanahitaji wiki nne ao sita kuzaliana ku mchanga na ndani ya chujio. Mwenye kununua sanduku Jumamosi na kutia samaki Jumapili atazika samaki wiki yenye kufuata. Baadaye, kila wiki sehemu moja juu ya nne ya maji ibadilishwe. Pompi ya hewa ni ya lazima. Ikiwa courant inakatika mara nyingi, samaki wawe wachache na chakula kipungue.

Chakula ni wadudu wadogo wa maji. Viluwiluwi vya mbu vinawafaa sana, na kila kimoja kinacholiwa ni mbu mmoja kidogo ndani ya nyumba. Lakini Tropheus asipewe chakula cha nyama nyingi. Tumbo lake limezoea majani, likipata nyama linavimba na samaki anakufa kwa siku chache.

Kuna jambo moja ambalo halina msamaha: samaki aliyetoka Moba asirudishwe ziwani ku Uvira, hata kwa huruma. Ku Malawi, wafanyabiashara wa akwariumu walileta samaki kutoka pande zingine za ziwa lao mpaka kisiwa cha Thumbi West, wakakaa kule, na aina moja ikachanganyika damu na ya wenyeji. Kilichotengenezwa kwa miaka maelfu kinaharibika kwa miaka michache, na hakuna wa kukitenganisha tena.

Hatari zingine ni za kila siku na zinaonekana kwa macho. Mlima ukikatwa miti kwa makala ao mashamba, mvua inashusha udongo ziwani, udongo unafunika mawe na maganda, na wataalamu wamekuta aina za samaki zinapungua pale udongo unapoingia mingi. Nyavu ya kukokota inachota maganda, samaki na mayai kwa mara moja. Na biashara yenyewe haileti feza mingi tena kama watu wanavyofikiri, kwa sababu samaki wengi wenye kuuzwa Ulaya leo wamezaliwa kule kule ndani ya vioo, watoto wa watoto wa wale waliotolewa zamani. Moba imebaki jina ku karatasi ya duka, na mvuvi wa Moba hapati hata franka.

Uvira ina kituo chake cha uchunguzi wa maji na samaki, CRH, na wanafunzi wenye kutaka kujua aina za ziwa wanaweza kuanzia pale. Kwa mvuvi, kazi ni fupi zaidi. Ganda likipanda ndani ya nyavu, aliangalie kwanza. Likiwa na samaki asilitikise wala kulivunja ili kumtoa, alirudishe ndani ya maji pale pale lilipotoka, maana mara nyingi ndani yake kuna jike na mayai yake.