Tiketi ya ndege kwa simu: msafiri wa Songea ajue nini kabla ya kulipa

Kwa msafiri wa Songea, Dar es Salaam ni mji wa mbali. Anayepanda basi katika stendi ya Shule ya Tanga alfajiri hupita Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, zaidi ya kilomita 900 za lami, na huteremka Mbezi usiku akiwa amevimba miguu. Mwenye afya njema hustahimili. Lakini wapo wanaosafiri kwa sababu afya haipo: mzee aliyepewa rufaa ya kwenda Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, mama aliyepangiwa mionzi Ocean Road. Wapo pia waliopigiwa simu usiku kwamba baba amefariki na maziko ni kesho baada ya Adhuhuri. Kwa watu hawa ndege inayotua Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili si anasa.

Ndege hiyo ipo. Shirika la Ndege Tanzania, lililofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mbili za aina ya Q400, linautumia uwanja wetu wa Ruhuwiko kwa ndege za aina hiyo, zile ambazo watu huziita za mapangaboi, zenye viti 76. Wanaotoka Tunduru, Namtumbo na Mbinga nao huja kupandia hapa. Na tiketi haihitaji tena mtu aende mjini kutafuta ofisi. Simu ya mkononi inatosha. Tatizo ni kwamba wengi wanaoinunua kwa mara ya kwanza huichukulia kama tiketi ya basi, na hapo ndipo fedha hupotea.

Tuanze na bei. Nauli ya basi ni moja kwa kila abiria wa daraja moja, na mamlaka huiwekea kikomo. Nauli ya ndege haiko hivyo. Viti vya ndege moja hugawanywa katika mafungu. Fungu la kwanza ni dogo na bei yake ni ya chini, likiisha linafunguliwa la pili kwa bei ya juu kidogo, na kuendelea. Katika ndege ya viti 76 fungu la bei nafuu huisha mapema. Ndiyo maana watu wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa nauli zinazopishana sana, na hakuna aliyedhulumiwa: kila mmoja ameiona bei yake kabla ya kulipa na ameridhia. Wapo wanaotuuliza iwapo biashara ya namna hiyo ni halali. Bei inayojulikana, bidhaa inayojulikana na ridhaa ya pande mbili ndizo nguzo za mauziano, na hapa zote zipo. Panapohitaji macho ni kwenye masharti: tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi hairejeshwi fedha, na kubadilisha tarehe hutozwa ada. Masharti hayo huandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, na mara nyingi kwa Kiingereza. Mwombe kijana wa nyumbani ayasome yote kwa sauti kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa.

Nchi hii imewahi kuona nauli za chini kweli kweli. Novemba 2012 kampuni ya fastjet ilianza safari zake Dar es Salaam ikitangaza nauli ya kuanzia shilingi 32,000, na maelfu wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Haikufika Songea, na mwishoni mwa mwaka 2018 ilisimama. Lakini ilitufundisha kusoma tangazo: zile 32,000 zilikuwa kabla ya kodi na ada, na begi kubwa lililipiwa peke yake. Hadi leo ndani ya nauli ya ndege ya ndani mna kodi ya ongezeko la thamani na ada za uwanja. Basi bei ya kulinganisha ni ile ya ukurasa wa mwisho, baada ya kila kitu kujumlishwa.

Anayetaka fungu la chini anunue wiki kadhaa kabla, aepuke Desemba na siku za kufunga na kufungua shule. Sikukuu ya Idi ina utata wake, kwa kuwa sisi hatuijui siku mpaka mwezi uonekane, ilhali tiketi inataka tarehe. Usikate ya tarehe 29 Ramadhani jioni ukitumaini mwezi utachelewa. Kata ya siku mbili au tatu kabla, uandamie mwezi huko huko uendako.

Na msiba? Hapa tuseme wazi: tiketi ya siku hiyo hiyo haiwi ya bei nafuu, na pengine siku hiyo ndege haiji kabisa. Tumeona familia zikimweka maiti wakimsubiri mtoto aliye mbali, huku mtoto mwenyewe akihangaika na simu kutafuta nauli ya chini. Sunna ni kuharakisha maziko. Ikiwa kiti kipo na fedha ipo, aje. Ikiwa hakuna, maziko yaendelee, naye afike kwa basi ahudhurie khitma na kumwombea mzazi wake. Tusichokikubali ni kukopa kwenye zile programu za mikopo ya simu, zinazotoa fedha kwa dakika moja na kudai riba kwa wiki, kisha kuwapigia simu ndugu na majirani kumtangaza mdaiwa. Msikiti na jamaa wachange. Riba haiwi sadaka kwa maiti.

Sasa jina. Hakuna kitu kinachowakwamisha wasafiri wetu kama jina. Uwanjani utaombwa kitambulisho, na jina la kwenye tiketi lazima lifanane nacho. Kwetu mtu mmoja ana majina matatu: nyumbani Bi. Hadija, madrasa Khadija, kwenye kitambulisho cha NIDA Hadija Saidi Mohamedi. Mjukuu anayenunua tiketi Dar es Salaam huandika Khadija Said Mohammed, kwa kuwa ndivyo anavyodhani inavyoandikwa kwa usahihi. Kosa la herufi moja huenda likavumiliwa. Jina la mume badala ya la baba, au lakabu badala ya jina, halivumiliwi. Tunaijua familia moja ambayo mama yao alirudishwa mlangoni kwa sababu tiketi ilisema Mama Zuhura. Mtoto alikuwa ameandika jina alilolizoea tangu utotoni! Kwa hiyo piga picha kitambulisho, mtumie anayenunua, naye anakili herufi kwa herufi hata kama anaona imekosewa. Marekebisho ya NIDA ni kazi ya siku nyingine.

Saa nayo ina mtego wake. Tiketi hutumia saa za kuhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Ukiona 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:20 ni saa saba na dakika 20 mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Mtu akisoma 06:00 akadhani ni saa sita, atafika uwanjani ndege imeshatua kwingine. Zaidi ya hapo, kwetu usiku hutangulia mchana wake. Tukisema usiku wa Ijumaa tunakusudia ule ulioanza Alhamisi magharibi. Tiketi haijui hilo. Kwake tarehe hubadilika saa sita usiku. Anayekwenda Umra kwa ndege inayoondoka Dar es Salaam Ijumaa 01:30 anatakiwa awe uwanjani Alhamisi usiku. Wapo waliofika Ijumaa usiku, na ihramu zao mkononi.

Huyo wa Umra tumwongezee neno. Akinunua tiketi ya Songea peke yake na ya Jeddah peke yake, ndege ya kwanza ikichelewa kwa ukungu au mvua, kampuni ya pili haina wajibu wa kumsubiri. Atoke Songea siku moja kabla, alale kwa jamaa. Na anaporudi akumbuke kuwa uzito alioruhusiwa kutoka Jeddah si lazima uruhusiwe kuja Ruhuwiko. Tende na zamzam zimewahi kuachwa Dar es Salaam kwa sababu hiyo.

Kuhusu malipo, ingia katika tovuti au programu ya kampuni yenyewe, au tumia wakala mwenye ofisi unayoijua. Mwishoni utapewa namba ya malipo, nawe utalipa kwa mtandao wa simu kama unavyolipia umeme. Jina litakalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe la kampuni. Likitokea jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Matapeli wa kwenye mitandao ya kijamii hutangaza nauli nusu ya bei, hutuma tiketi yenye nembo nzuri, na msafiri hugundua uwanjani kuwa jina lake halimo. Tiketi ya kweli ina namba ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita. Iingize pamoja na jina la ukoo kwenye tovuti ya kampuni, au piga simu ofisini kwao. Safari ikionekana huko, ndipo umepata.

Mgonjwa wa machela, wa kiti cha magurudumu au anayehitaji oksijeni lazima atajwe siku ya kuweka nafasi, pamoja na barua ya daktari. Mjamzito wa miezi ya mwisho vilevile. Viti vya Q400 vimepangwa viwili viwili kila upande, hivyo mke na mume, au mama na mwanawe, wakichagua mapema watakaa peke yao. Mwanamke anayepekuliwa, au anayetakiwa kufunua uso ili afananishwe na picha, aombe kwa upole afisa wa kike.

Limebaki suala la swala, ambalo wasafiri wapya huliulizia kuliko yote. Dua ya safari ni ile ile ya Sura ya Zukhruf, aya ya 13 na 14. Ama kupunguza, kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, msafiri hapunguzi mpaka atoke nje ya majengo ya mji wake. Ruhuwiko imo ndani ya Manispaa, hivyo mkazi wa Songea anayeswali Adhuhuri pale uwanjani akisubiri ndege ataiswali rakaa nne. Akiona atatua kabla Alasiri haijatoka, anaweza kunuia kuichelewesha Adhuhuri na kuzikusanya zote mbili Dar es Salaam, rakaa mbili mbili. Ruhusa hiyo haimhusu aliyenuia kukaa huko siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka. Huyo ni mkazi tangu anapowasili, na swala zake ni kamili, kila moja kwa wakati wake.