Magugu ya Miiba Uani: Kuyatambua, Kuyaondoa na Kuyazuia

Utangulizi

Wahenga walisema, "Mdharau mwiba mguu huota tende." Kama unaishi Karatu, huhitaji kuelezwa maana yake. Mvua zikikatika, mbigili hupenya soli ya kandambili, na mdogo wako akicheza miguu peku kwenye nyasi hurudi akichechemea. Familia nyingi hufyeka magugu hayo kila mwaka, na kila mwaka yanarudi. Katika mada hii utajifunza kwa nini yanarudi na jinsi ya kuyamaliza. Shika jambo moja: gugu la miiba humalizwa kwa kuzuia mbegu na kutoa mzizi, si kwa kukata majani.

Tambua kwanza

Usianze kazi kabla ya kujua unapambana na mmea gani.

(a) *Mbigili (Tribulus terrestris).* Hutambaa chini na kutoa maua madogo ya manjano. Tunda lake likikauka hugawanyika vipande vyenye miiba migumu, na ndani ya kila kipande mna mbegu. Mmea huu huishi msimu mmoja tu.

(b) *Ndulele (Solanum incanum).* Ni kichaka kifupi chenye miiba na matunda ya mviringo yanayogeuka manjano yakiiva. Huishi miaka mingi na huchipua tena kutoka mzizini.

(c) *Argemone mexicana.* Majani yake yana miiba na mistari myeupe, ua ni la manjano, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Asili yake ni bara la Amerika. Mbegu zake ndogo nyeusi zina sumu. Mwaka 1998 jijini Delhi, India, watu waliugua na wengine kufariki baada ya kutumia mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mbegu hizo.

Kwa nini yanarudi?

Mbegu hazioti zote kwa pamoja. Nyingine hulala udongoni kwa miaka kadhaa zikisubiri unyevu na mwanga. Ukifyeka mbigili iliyokwisha kuzaa, umeondoa mmea lakini umeacha watoto wake. Ukifyeka ndulele, mzizi uliobaki huchipua. Aidha, ardhi iliyo wazi ni makaribisho kwa magugu.

Hatua za kuondoa

1. Ng'oa baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na kabla mmea haujatoa maua. Vaa viatu vilivyofunika mguu na glavu nene.
2. Kwa mbigili, fuata matawi hadi yanapokutana katikati, kisha ng'oa au kata mzizi chini kidogo ya uso wa udongo. Kwa ndulele, chimba kwa jembe hadi utoe mzizi.
3. Kama miiba imeshaanguka, buruta gunia kuukuu lililoloweshwa juu ya eneo hilo. Miiba hunasa kwenye gunia.
4. Choma mabaki yenye mbegu ndani ya shimo. Usiyatupe kwenye lundo la mboji wala barabarani.
5. Panda vipande vya ukoka penye upara mvua zinapoanza. Ukoka uliosongamana huzinyima mbegu mwanga na nafasi.
6. Rudia ukaguzi kila msimu wa mvua. Mwaka mmoja hautoshi.

*Zingatia:* Baadhi ya viuagugu huua kila mmea, ukoka ukiwemo. Soma maelekezo ya kifungashio, na usinyunyize karibu na kisima au mboga.

Kutoka uani hadi Kreta

Barabara inayopita Karatu ndiyo inayoelekea lango la Loduare la Hifadhi ya Ngorongoro, eneo lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Mbegu husafiri kwenye matope ya magurudumu, soli za viatu na kwato za mifugo. *Argemone mexicana* imeonekana hadi ndani ya Kreta. Nyumbu na pundamilia hutegemea nyasi. Mmea wa miiba usiolika ukichukua nafasi ya nyasi, malisho hupungua. Gugu unaloling'oa uani leo ni gugu moja pungufu linaloweza kufika huko.

Kosa la kuepuka katika mtihani

Watahiniwa wengi huandika kwamba kila gugu ni mmea vamizi wa kigeni. Si kweli. Gugu ni mmea wowote unaoota mahali usipotakiwa. Ndulele ni mmea wa asili ya Afrika, hali *Argemone mexicana* ililetwa. Pia soma kitenzi cha swali: "taja" hudai orodha, "eleza" hudai sababu pamoja na mfano.

Maswali ya kujipima

1. Taja sifa mbili zinazotofautisha mbigili na ndulele.
2. Eleza kwa nini kufyeka pekee hakumalizi magugu ya miiba.
3. Jirani yako hung'oa mbigili mwezi Julai, zikiwa zimekauka. Mshauri kwa kutoa hoja tatu.
4. "Usafi wa ua wa mtu mmoja ni faida kwa Hifadhi nzima." Jadili kwa kutumia mfano wa Karatu na Ngorongoro.

*Dondoo ya swali la 3:* wakati wa kung'oa, mbegu zilizokwisha kuanguka, na ardhi iliyobaki wazi.