Sarafu za Kale (Sehemu ya Pili): Usizioshe!

Wiki jana tuliziacha sarafu zetu zimemwagwa mezani: zile za tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, shilingi ya simba na milima, na za kwanza za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 1966 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Leo tuone zinavyoshikwa na kuhifadhiwa.

Huku Eastlands hazitoki makumbusho. Hutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uliosahaulika chini ya kitanda cha mzee aliyestaafu reli kule Makongeni, au juu ya kabati Kaloleni, na mkebe hufunguliwa mwenyewe akiwa ameshazikwa. Hapo ndipo hutokea mjukuu mwenye bidii. Analeta beseni, sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria, na kabla chai haijachemka ameshaziharibu zote. Simlaumu sana, amelelewa kujua kwamba chombo kichafu ni aibu ya nyumba. Ila sarafu si sufuria.

Metali inapogongwa na mhuri kiwandani, hutiririka kidogo na kuacha vijistari ambavyo jicho tupu halivioni. Ndivyo vinavyofanya mng'ao uzunguke unapoigeuza sarafu kwenye mwanga wa dirisha. Waya ukipita mara moja tu, vijistari vimekwenda na havirudi. Itang'aa, ndiyo, lakini kwa mng'ao bapa, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mnunuzi anayejua kazi yake huirudisha mezani bila kuuliza bei. Ndimu nayo hula shaba na kuiacha na wekundu wa ajabu. Dawa ya meno ina chembe za kusugua. Ule weusi uliotanda juu ya senti ya shaba kwa miaka themanini si uchafu. Ni ngozi yake, tena huikinga.

Chukua senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeng'atuka Desemba mwaka huohuo kabla hajatawazwa. Sarafu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, jina tu, ndiyo maana jina lake lilipata kuzunguka mifukoni mwetu. Wapo wanaoamini kwamba moja inatosha kununua ploti Ruai. Hainunui hata lango. Zilitengenezwa kwa wingi, na inayotofautisha moja na nyingine ni uso ambao haujaguswa.

Basi nawa mikono, ikauke kabisa, hasa kama umetoka kula chapati. Jasho lina chumvi na asidi, na alama ya kidole kwenye shaba huweza kujichora humo daima. Shika ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, usiguse nyuso mbili. Tandika taulo iliyokunjwa mezani, maana sakafu ya simiti haisamehe. Na ukiwa umeishika usipige domo juu yake: tone la mate huacha doa jeusi baada ya miezi. Glavu za pamba wengine wanazipenda; mimi naona zinateleza.

Hatari kubwa zaidi huja sarafu ikishawekwa. Kurasa za plastiki laini, zile zenye harufu ya kiatu kipya cha plastiki, hutoa kemikali polepole na kuacha utando wa kijani unaonata. Utando huo ukionekana mapema, hutolewa kwa asetoni safi: itumbukize, itoe, iache ikauke, usifute. Fanya hivyo nje, mbali na jiko, kwani mvuke wake hushika moto upesi. Kiondoa rangi ya kucha hakifai, mara nyingi kina mafuta na marashi. Mipira ya kufungia noti pia ina salfa, na gazeti (hata hili) lina asidi. Tumia vijikadi vya sarafu au mifuko migumu isiyo na klorini.

Halafu kuna paa la bati. Mchana joto, usiku baridi, alfajiri matone. Ile shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye sura ya Kibaki, ya miaka arobaini ya uhuru, ni metali mbili zilizoshikana, na unyevu hupenda kuanzia kwenye kiungo hicho. Vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu mnavyovitupa mkinunua viatu vipya Eastleigh, vikusanyeni: viwili vitatu ndani ya kopo linalofunga vizuri, mbali na watoto, na vibadilishwe msimu wa mvua ukianza.

Wiki ijayo tutaingia sokoni: nani hununua, na sarafu bandia hutambuliwaje.