Kidole Hulinda Simu, Hakilindi Laini

Mikono iliyoanza siku kwa kupaa samaki haifungui simu kirahisi. Muuza sato wa Busia anaijua kero hiyo: mteja wa ng'ambo amesimama, pesa zimetumwa, ujumbe unasubiri kusomwa, na kidole gumba kinabonyezwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, simu kimya. Anakifuta kwenye kanga, anajaribu tena. Mwishowe simu inakataa kabisa kidole na kudai namba ya siri, ambayo sasa inabidi aibonyeze mbele ya watu wanne wanaomtazama mkononi.

Alama ya kidole iliingizwa kwenye simu ili hilo lisitokee. Apple iliiweka kwenye iPhone 5s mwezi Septemba 2013, na leo iko hata kwenye Tecno na Infinix za bei ya kati zinazouzwa Namanga, Mutukula na Goma, mara nyingi ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, simu hiyo ina pesa za mtandao, programu ya benki, orodha ya wanaodaiwa, picha za risiti za forodha na WhatsApp ya wateja wa nchi tatu. Simu ndiyo duka. Wengi wanaamini kidole kimefunga duka zima, lakini kuna milango ambayo hakiigusi kabisa.

Kwanza, kwa nini kidole kinakataliwa. Aina iliyoenea zaidi hupima umeme mdogo kati ya ngozi na kioo, ikitofautisha mistari ya kidole na mabonde yake. Maji hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kibichi huonekana kama doa tupu. Saruji, chumvi na kumenya mihogo kutwa nzima husaga mistari yenyewe, na huchukua siku kadhaa za mapumziko kurudi. Dawa yake haina gharama: simu nyingi hupokea vidole zaidi ya kimoja, hivyo gumba lisajiliwe mara mbili, moja ya hizo likiwa limetoka kazini, na kiongezwe kidole cha mkono usioshika kisu. Wapo pia wanaoogopa kwamba alama zao zinapelekwa Marekani. Simu haihifadhi picha ya kidole bali hesabu inayotokana nacho, na hesabu hiyo hukaa sehemu iliyofungwa ndani ya simu. Alama unazotoa kwa wakala unaposajili laini ni habari nyingine. Hizo hulinganishwa na kumbukumbu za kitambulisho.

Hatari kubwa zaidi haitoki kwa wadukuzi wa mbali bali kwenye kibanda chenyewe. Mwenye duka anayesafiri mara mbili kwa wiki humsajili kijana wake wa kazi kwenye simu ili apokee oda. Ni jambo la kuaminiana, na linaeleweka. Lakini simu haijui bosi ni nani. Kidole chochote kilichosajiliwa ni mwenye nyumba, na pale programu ya benki inapokubali kidole, huenda ikakikubali na hicho. Baadhi ya programu hujifunga na kudai namba ya siri zikiona kidole kipya kimeongezwa, ila si zote. Kijana wa kazi afaa kupewa simu yake ndogo ya oda.

Kisha kuna usiku ndani ya basi. Namba ya siri inahitaji mtu awe macho. Kidole hakihitaji. Aliyelala kati ya Kampala na Nairobi anaweza kubonyezewa gumba lake na jirani wa kiti, akaamka Malaba bila kujua kilichopita. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 9, la mwaka 2018, zina chaguo la kuzima kidole kwa muda mpaka namba ya siri iingizwe. Asiyelipata afanye la kizamani, aizime simu na kuiwasha kabla ya kulala bila kuingiza namba, kwani simu iliyotoka kuwashwa haikubali kidole mpaka ione namba ya siri.

Mlango unaosahaulika kuliko yote ni laini. Mwizi mzoefu hahangaiki na kidole. Anachomoa kadi, anaiweka kwenye kitochi cha bei ndogo, na laini inafanya kazi palepale. Pesa bado zina namba yake ya siri, ni kweli, lakini namba ya siri iliyotokana na mwaka wa kuzaliwa haichukui muda kwa mtu aliyeiba pia pochi yenye kitambulisho. Jumbe za uthibitisho za benki sasa zinaingia kwake. WhatsApp pia hufunguliwa kwa tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, na ndani ya saa moja wateja wa pande zote za mpaka wanaombwa malipo ya awali ya mzigo usiokuwepo.

Kinga ya mlango huu ipo tangu enzi za simu za vitufe: namba ya siri ya laini yenyewe, inayowekwa kwenye mipangilio ya usalama. Kadi ikihamishiwa simu nyingine, haifanyi kazi mpaka namba hiyo iingizwe. Kuna tahadhari. Ukikosea mara tatu, kadi hufungwa na kudai namba ya PUK, na PUK ikikosewa mara kumi kadi imekufa. Anayetembea na laini tatu aanze na ile inayobeba pesa, na aache PUK yake nyumbani. Kwenye WhatsApp, uthibitisho wa hatua mbili huongeza tarakimu sita zisizotumwa kwa ujumbe. Haya ni mambo ya dakika kumi, na yana uzito zaidi kwa anayefanya biashara ng'ambo, kwa sababu laini iliyopotea nchi ya jirani kwa kawaida hurudishwa nyumbani. Tanzania, ambako usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019 na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, anayerudisha laini hutakiwa kuweka kidole tena. Mwenye mikono ya saruji anakutana na kero ileile ya muuza sato, safari hii mtaji wake wote ukisubiri.

Hata protekta ya kioo ina kisa chake. Oktoba 2019, mteja mmoja Uingereza aligundua kwamba Samsung Galaxy S10 iliyovalishwa protekta ya bei nafuu ilifunguka kwa kidole cha mumewe, ambacho hakikusajiliwa. Samsung ilikiri tatizo na kutoa marekebisho, na baadhi ya benki ziliwashauri wateja wasitumie kidole kwa muda. Kwa hiyo mwenye simu ya kidole cha chini ya kioo, kabla hajamlipa fundi wa protekta, ajaribu kuifungua kwa kidole chake kisichosajiliwa.

Msaidizi wa sauti ni baraka kwa anayeshika mizani mkono mmoja. Siri ya Apple, iliyoanza 2011, haizungumzi Kiswahili. Google iliongeza Kiswahili kwenye uandishi kwa sauti mwaka 2017, na Gemini, inayochukua nafasi ya Google Assistant, hukielewa na kujibu. Kubadili shilingi ya Kenya kuwa faranga ya Rwanda kwa kuuliza tu, au kuamuru mtu apigiwe, si jambo dogo kwa asiyesoma vizuri. Lakini saa zetu ni mtihani. Anayeagiza kuamshwa saa kumi na moja alfajiri na asitazame skrini anaweza kuamshwa saa tano, lori limeshapita Rusumo. Na Kiswahili cha Goma au Bukavu, kilichochanganyika na Kifaransa, mashine hukisikia kwa shida kuliko kile cha redio.

Kuna dirisha jingine hapa. Kwenye baadhi ya simu msaidizi hujibu hata skrini ikiwa imefungwa, na asipowekewa mipaka huweza kupiga simu au kusoma ujumbe bila kidole. Mipaka hiyo huwekwa kwenye mipangilio ya msaidizi, sehemu ya skrini iliyofungwa. Google yenyewe iliwahi kuruhusu sauti ya mwenye simu iifungue, kisha ikaondoa huduma hiyo mwaka 2019.

Sauti kama ufunguo ilishatiliwa shaka kabla ya hapo. Mei 2017, mwandishi wa BBC alimwacha pacha wake, ambaye hata hawafanani kabisa, aigize sauti yake, na pacha huyo akaingia kwenye akaunti yake ya HSBC na kuona salio. Hakuwa na mashine, alikuwa na koo lake tu. Januari 2023 Microsoft ilionyesha VALL-E, mfumo unaoiga sauti ya mtu baada ya kusikia sekunde tatu, kwa Kiingereza.

Sekunde tatu ni fupi kuliko oda moja ya mahindi kwenye WhatsApp. Biashara ya mpakani leo inaendeshwa kwa jumbe za sauti: bei, idadi ya magunia, namba ya kutumia pesa. Mwenye kupokea husikia sauti anayoifahamu na kutuma. Ujumbe unaobadilisha namba ya malipo, hata ukiwa na kikohozi cha mteja mwenyewe, unadai apigiwe kwa namba yake ya zamani na kuulizwa jambo lisilowahi kupita kwenye simu, kama vile nani alishona lile gunia lililopasuka siku walipopatana bei.